Analaiza inaonyesha hivi, sikio linasikia vile: dalili na sababu zake

Hii nimeiandika kutokana na maswali yaleyale yanayonirudia kila wiki kutoka kwa watu wanaomiksi nyumbani, chumba kimoja, laptopu, saundikadi ndogo na hedifoni, na wengi wao shida sio kipaji wala sio vifaa, ni kwamba wamefungua analaiza ya masafa, ile grafu inayochora beso kushoto na sauti nyembamba kulia, wameona mlima sehemu fulani, wakaukata, wimbo ukazidi kufa. Analaiza inakuonyesha nguvu ya sauti imekaa wapi, basi. Haijui kama hiyo nguvu ndio utamu wa wimbo au ndio uchafu. Kwa hiyo kabla hujashika ikwalaiza, ile ya kupunguza au kuongeza masafa fulani, tafuta dalili yako hapa chini, anza na ukaguzi mwepesi ule wa dakika moja, ukishindikana ndio ushuke kwenye mengine.

Mifano mingi nitatumia analaiza ya SPAN ya Voxengo maana ni ya bure na wengi tunayo, ila mambo ni yaleyale kwa ile iliyomo ndani ya Parametric EQ 2 ya FL Studio au Pro-Q ya FabFilter, majina ya vitufe tu ndio yanabadilika.

DALILI: Grafu haitikisiki kabisa, au inatikisika hata ukizima kila kitu

Hii tusikae sana. Mara nyingi plagini (programu ndogo inayofunguliwa ndani ya programu ya kurekodia, analaiza ni mojawapo) umeiweka chaneli ambayo sio, au chaneli yenyewe haijaelekezwa kwenye masta, ivute plagini uiweke masta moja kwa moja, chaneli ya mwisho kabisa, uone. Ikiwa bado, angalia kama umebonyeza Hold bila kujua, picha inaganda. Halafu angalia kipimo cha desibeli (dB, ukubwa wa sauti) pembeni, kama mwisho wa chini ni dB -50 na wimbo wako ni wa taratibu, grafu ipo ila imezama chini ya kioo.

Inayotikisika huku umezima kila kitu, kwanza subiri mwangwi wa riva na dilei uishe. Ikibaki laini ndogo inatambaa huko chini dB -90 au chini zaidi, mara nyingi ni plagini zinazoiga mashine za zamani, zinakuja na kelele zake za makusudi na kuna kitufe cha kuizima. Kwa kiwango hicho hakuna atakayeisikia, usipoteze usiku.

DALILI: Wimbo unaonekana beso tupu, juu hamna kitu

Sababu inayoongoza kwa mbali ni mteremko wa grafu, ile sehemu iliyoandikwa Slope. Muziki wenyewe kwa asili nguvu yake inapungua kadiri unavyopanda juu, sasa mteremko ukiwa 0 utaona mlima wa beso kushoto halafu grafu inaporomoka kuelekea kulia, na hapo hakuna ugonjwa wowote, ni picha tu. SPAN inakuja imewekwa dB 4.5 kwa oktava, yaani kila masafa yanapoongezeka mara mbili, ili picha ilale vizuri machoni, wakati analaiza nyingine inakuja na 0 au 3. Ndio maana mtu anafungua plagini mbili kwenye wimbo mmoja anaona picha mbili tofauti, anachanganyikiwa.

Ukaguzi: tafuta faili la kelele ya pinki, ile kelele ya majaribio yenye nguvu sawa kwenye kila oktava, lipige kwenye analaiza yako. Kwa mteremko wa 3 itakaa bapa, kwa 0 itashuka kwenda kulia, kwa 4.5 itapanda kidogo. Ukishaona hivyo umeijua lugha ya analaiza yako, na usiibadilishe tena katikati ya kazi.

Sababu ya pili ni kulinganisha na wimbo wa rejea bila kusawazisha sauti. Ule wa rejea umeshapita mastaringi (hatua ya mwisho ya kuukuza na kuusawazisha wimbo), una sauti kubwa, lazima grafu yake ikae juu kila mahali. Ushushe mpaka masikio yasikie vimelingana ndio uangalie umbo, usiangalie urefu. Na uchague wimbo wa aina yako, hivi mtu anamiksi taarab yenye ala za kanuni na fidla analinganisha na biti ya trapu yenye beso zito la elektroniki la 808, atapata nini hapo?

Sababu ya tatu, hii sio ya mara nyingi, ni kwamba kweli juu hakuna kitu: mwimbaji aliimbia nyuma ya maiki au diesa, plagini ya kulainisha "s" kali, imebanwa kupita kiasi. Zima plagini za kwenye vokali (sauti ya mwimbaji) moja moja uone juu inarudi wapi.

DALILI: Kiki (ngoma ya mguu) na beso zimekuwa mlima mmoja, sijui nikate nini

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, naomba tutulie.

Analaiza haioni sauti papo kwa papo, inachukua kipande cha sauti, inakichambua, inachora. Urefu wa kile kipande ndio Block Size, kwingine wameandika FFT. Ukirekodi kwa vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde na kipande kikawa vipimo 4096, gawanya utapata kama Hz 10.8 (Hz ni mitetemo kwa sekunde), maana yake grafu inahesabu kwa hatua za Hz 10.8. Sasa kiki yako iko Hz 55 na gitaa la besi linapiga noti ya G ya chini, Hz 49. Tofauti ni Hz 6 tu, itatenganishaje? Lazima uone mlima mmoja. Peleka 16384, hatua zinakuwa Hz 2.7, hapo ndio vichwa viwili vinaanza kujitenga.

Lakini ukipata huku unapoteza kule. Kipande cha 16384 kina urefu wa sekunde 0.37. Chukua singeli ya mapigo 220 kwa dakika, pigo hadi pigo ni sekunde 0.27, yaani kipande kimoja kimemeza zaidi ya pigo moja zima, grafu inakuchorea kiki ya sasa na mabaki ya iliyopita, beso inaonekana haipumui, mtu anakimbilia kukata. Nimeona singeli zimekatwa beso namna hii mpaka zikabaki kama zinapigwa ndani ya debe, na mwenye kazi anakuambia grafu ilikuwa imejaa.

Cha kufanya, fungua analaiza mbili. Moja 16384 ya kujua noti zimekaa wapi, nyingine 2048 ya kuona mapigo yanavyopanda na kushuka. Muziki wa taratibu, rumba au kwaya, hiyo kubwa peke yake inatosha.

Baada ya hapo kama bado zinagongana kweli, nenda kwa utaratibu huu: piga kiki peke yake, soma kilele, piga beso peke yake, soma kilele. Zikiwa sehemu moja, jaribu kwanza kuhamisha kiki nusu noti au noti moja juu au chini, ni kazi ya sekunde kumi na mara nyingi inamaliza. Haikutosha, geuza poraliti ya kiki, yaani wimbi lake liwe juu chini, ukiona beso imenona ghafla basi zilikuwa zinauana. Ndio sasa uje kwenye ikwalaiza, punguza beso dB 2 au 3 pale kiki ilipokaa, au weka saidicheni beso iiname kidogo kiki ikigonga. Ukijikuta umekata zaidi ya dB 6 simama, rudi kuchagua sampuli nyingine ya kiki, maana hiyo haiendani na wimbo.

DALILI: Vokali ina vilele vingi kama meno ya msumeno, nakata haviishi

Vile vilele sio ugonjwa. Sauti ya mtu ikiimba noti ya A ya Hz 220 inatoa pia 440, 660, 880, inaendelea kupanda, na hao ndio wanafanya sauti ya Mwanahamisi isifanane na ya Rehema. Ukipita na mkasi kila kilele umemkata mwimbaji, hujakata uchafu.

Kipimo changu ni kimoja na sijawahi kukiacha: mwimbaji akibadilisha noti, kilele kinahama au kimesimama? Kikihama naye huo ni muziki, achana nacho. Kikisimama palepale iwe anapanda au anashuka, hiyo ni kitu kingine, chumba, meza, maiki, kifua karibu mno na maiki, na hapo una haki ya kukata.

Kwenye SPAN shika Ctrl ubonyeze juu ya grafu na kuburuta, utasikia ule ukanda peke yake. Pita taratibu kutoka 200 mpaka 500. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye vokali iliyorekodiwa jikoni nilifika kama 310 nikasikia kitu kinalia "uuu" kama mtu anapuliza chupa, kila neno, hata kwenye maneno anayonong'ona. Nikapunguza dB 4 kwa ukanda mwembamba pale tu. Vilele vingine vyote nikaviacha kama vilivyokuwa na sauti ilikuwa safi.

Zile "s" kali ziko mara nyingi kati ya kHz 5 na 8 (Hz 5,000 hadi 8,000), hizo mwachie diesa. Ukiikatia ikwalaiza ya kudumu unazima mwanga kwenye wimbo mzima kwa ajili ya herufi moja.

DALILI: Grafu imekaa vizuri, kwenye gari au simu beso haipo (au imezidi)

Elewa hili kwanza. Analaiza iko ndani ya kompyuta, inasoma sauti kabla haijafika kwenye spika. Chumba chako haikioni. Wewe unakisikia.

Wimbo mmoja wa kwaya niliushughulikia usiku mbili. Spika ukutani mbele, kiti changu kimegusa ukuta wa nyuma kwa sababu chumba chenyewe mita 3. Beso ilikuwa inanivimbia kifuani, grafu inasema hakuna kitu, nikaamini kifua, nikakata dB 6 karibu na Hz 57. Asubuhi nikaipiga kwenye gari la jirani, mwimbaji wa besi hayupo, kama vile hakuja siku ile ya kurekodi. Mzee mwenyewe wa besi alikuwepo pale, alinyamaza tu, na mpaka leo ile sura yake naikumbuka.

Hesabu yake ni rahisi, sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Chumba cha mita 3 ni Hz 57, cha mita 4 kama Hz 43. Masafa hayo yanajazana kwenye kuta na yanapungua sana katikati ya chumba. Aliyekaa ukutani anasikia yamezidi anakata, aliyekaa katikati kabisa anasikia hayapo anaongeza, wote wawili wanaharibu miksi iliyokuwa nzima.

Ukaguzi mwepesi: sikiliza kwenye hedifoni. Beso ya kwenye hedifoni ikikubaliana na grafu na spika zikawa zinabisha, tatizo ni chumba. Kisha toa sauti tupu ya Hz 57, taratibu sana, utembee chumbani, utashangaa inavyopotea na kurudi.

Marekebisho, anza na ya bure. Sogeza kiti, jaribu kuanzia asilimia 38 ya urefu wa chumba ukipima kutoka ukuta wa mbele. Toa spika kwenye kona. Simamisha magodoro mazito kwenye kona za nyuma. Zile trei za mayai ukutani hazigusi beso hata kidogo, wimbi la Hz 57 lina urefu wa mita 6, trei ya sentimita 5 italifanya nini? Na zinashika moto haraka, ukichanganya na eksitensheni iliyojaa plagi ni hatari, zitoe.

Simu ni habari nyingine. Spika ndogo ya simu huko chini haitoi kitu cha maana, ukitaka beso isikike huko inahitaji sauti za juu yake, weka sacharesheni (plagini inayokwaruza sauti kidogo kwa makusudi) kidogo kwenye beso uone grafu ikiota vilele kati ya 100 na 400.

SIMAMA HAPA: usipige sauti tupu kwa kelele kubwa kutafuta kasoro za chumba. Twita (spika ndogo za sauti za juu) zinaungua na vufa (spika kubwa za beso) zinachanika, na masikio yako yanaumia kabla hujajua.

DALILI: Kuna msumari umesimama Hz 50, haushuki

Umeme wetu Tanzania na Kenya ni Hz 50, kwa hiyo ukiona msumari 50, mwingine 100, mwingine 150, vimesimama hata mwimbaji akivuta pumzi, huo ni muungurumo wa umeme umeingia kwenye rekodi. Usiuchanganye na noti ya G ya besi iliyo Hz 49, yenyewe inakoma wimbo ukinyamaza. Msumari ukiwa 60 na 120, na uko kwenye sampuli uliyoshusha, basi ilirekodiwa nchi yenye umeme wa Hz 60, kama Marekani, wala usihangaike na waya zako.

Sababu kwa mpangilio wa mara kwa mara. Chaja ya laptopu: ichomoe, rekodi sekunde kumi kwa betri, msumari ukipotea umeshampata mwizi, rekodi kwa betri au chomeka vifaa vya kurekodia kwenye eksitensheni moja, bila kuijaza kupita kiasi. Waya: waya wa gitaa mrefu uliopita juu ya waya wa umeme, utenganishe, na kama saundikadi inakubali tumia waya wa balansi, ule unaojifutia kelele za njiani. Mwisho ni maiki au saundikadi yenyewe, azima nyingine ujaribu.

Ambayo imesharekodiwa, kata kwa ukanda mwembamba sana 50, 100 na 150, usikate vyote chini ya 150 kwa vokali ya mwanaume utamkondesha. Ila kama mwimbaji bado yupo karibu, rekodi upya, hakuna plagini inayoshinda hiyo.

SIMAMA HAPA: ukigusa maiki, saundikadi au bodi ya laptopu ukahisi kutekenywa au kupigwa shoti hata ndogo, zima swichi, chomoa, hiyo sio kazi ya miksi tena. Ita fundi umeme mwenye leseni apime ethi (waya wa ardhini) ya nyumba. Usikate wala kuruka ule mguu wa ethi wa plagi ya miguu mitatu, najua kuna watu wanashauri hivyo kwa sababu muungurumo unapotea kweli, unapotea pamoja na kinga inayokulinda ukiwa umeshika maiki ya chuma karibu na mdomo. Na amplifaya usiifungue, kapasita zinakaa na chaji hata ukishachomoa.

DALILI: Chini ya Hz 30 kumejaa, ila sisikii kitu

Feni, upepo kwenye maiki, mtu anagonga stendi kwa mguu, lori lililopita nje. Weka haipasi (inayokata kila kilicho chini ya pale ulipoiweka) kwenye vokali kama Hz 80, kwenye gitaa pia, kwenye kiki na beso ishia 25 au 30 tu. Kama kimerundikana mwisho kabisa wa kushoto na wimbi lenyewe ukilikuza limekaa juu au chini ya mstari wa kati, hiyo ni disii (DC, mkondo usiotetemeka uliochanganyika na sauti), programu nyingi zina amri ya kuiondoa. Usiidharau kwa kuwa huisikii, inakula nafasi ya limita (plagini inayozuia sauti isipite kiwango) na kuchosha vufa.

DALILI: Kuna ukuta kHz 16, juu yake giza

Biti umeipata kama MP3. Ile ya kbps 128 inakatwa karibu na kHz 16, ya 320 inafika kama 20. Kuigeuza iwe WAV hakurudishi kitu, unapata faili kubwa lenye ukuta uleule. Mwombe prodyuza WAV, na kwenye WhatsApp aitume kama dokumenti. Usijaribu kuupandisha juu kwa ikwalaiza, hapo hakuna cha kupandisha.

Kama WAV halisi na bado unahisi juu hakutoshi, unaongeza, kesho yake unakuta inachoma masikio, basi ulikuwa umechoka. Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote sawa na linabadilika kwa ukubwa wa sauti. Shusha sauti mpaka uweze kuongea na mtu pembeni, pumzika dakika kumi kila saa. Masikio yakipiga mlio na mlio haukuisha mpaka kesho, zima studio uende kwa daktari wa masikio, usisubiri.

DALILI: Vokali au gitaa linapotea wimbo ukipigwa kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kwenye spika moja

Poraliti au kipanua-steriyo (plagini ya kutanua sauti kushoto na kulia). Bonyeza mono kwenye masta, uangalie grafu ikishuka wapi. Zima kipanuzi kwanza, kisha geuza poraliti ya chaneli moja moja. SPAN ina kipimo cha koraleshoni chini, kinachoonyesha kama kushoto na kulia vinakubaliana, kikikaa upande wa hasi muda mrefu ndio hapo.

UKIMALIZA YOTE NA BADO

Kama umepita kwenye dalili yako mara mbili, umebadilisha chumba au hedifoni, na miksi bado inagoma, mpe mtu anayemiksi kila siku. Toa kila chaneli peke yake WAV ya biti 24, zote zianzie sekunde ya 0, bila limita kwenye masta, vilele visizidi dB -6, na ikwalaiza zote ulizokata kwa kuangalia grafu uzizime kabla ya kutoa. Mwandikie pia unachosikia wewe, kwa maneno yako, "beso inavimba ubeti wa pili", "sauti ya dada inajificha kwenye kiitikio", na umtumie wimbo wa rejea. Picha ya skrini ya analaiza usihangaike kutuma, ataiwasha ya kwake.